Raba ya Mpini Ikichakaa, Fungua na Pini za Jeki

Magari mengi yanayoingia porini Afrika Mashariki hubeba jeki ndefu ya chuma nje ya bodi: nyuma kando ya tairi la akiba, juu ya bampa, au kwenye keria. Ni nguzo yenye matundu kuanzia chini hadi juu, na ubavuni mwake husimamishwa mpini wa bomba. Ili mpini usichezecheze gari likiwa mwendoni, huwekwa kipande cha raba kinachoushika pamoja na nguzo. Hicho ndicho huchakaa mapema kuliko kitu kingine chochote kwenye jeki. Kwanza weusi wake hupauka ukawa kijivu, halafu kingo zake hutoa nyufa nyembamba, na siku moja upande mmoja hukatika, mpini ukaanza kugonga nguzo. Kelele hiyo haivumiliki, kwa hiyo raba hubadilishwa upesi. Dereva hununua nyingine, huipachika, kelele hukoma, na jeki hukaa hivyo hivyo hadi siku ya kukwama. Nasema kazi hiyo imeachwa katikati. Raba iliyochakaa ni taarifa kuhusu jeki nzima. Muda, vumbi na mtikisiko ulioimaliza vimepita vilevile juu ya springi na pini zilizomo ndani ya vichwa vya jeki, na hizo zikichakaa hazipigi kelele. Anayebadilisha raba bila kuzikagua ameondoa kinachomkera na kuacha kinachoweza kumvunja taya.

Jeki ya aina hii inayojulikana zaidi duniani ni Hi-Lift, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1905 huko Bloomfield, mji mdogo wa jimbo la Indiana nchini Marekani. Ilikuwa zana ya wakulima, ya kung'olea nguzo za uzio, kuinulia mikokoteni na kukazia waya. Land Rover ilipotoka mwaka 1948, na Toyota ikafuata na Land Cruiser miaka michache baadaye, zana hiyo ya shambani ilipata kazi mpya, kwa kuwa gari lenye bampa ya chuma na mwinuko mkubwa kutoka ardhini lilihitaji jeki inayofika juu. Muundo wake haujabadilika sana tangu wakati huo, na viwanda vingi huuiga. Yenye urefu wa inchi 48, yaani kama sentimita 122, ina uzito wa karibu kilo 13, na mtengenezaji ameipa uwezo wa kuinua pauni 4,660, ambazo ni kama kilo 2,113. Ukiishika mkononi huamini kwamba chuma hicho kinaweza kushindwa. Imani hiyo ndiyo inayowafanya watu waiache miaka mingi bila kuifungua.

Tuanze na raba yenyewe, maana ushahidi wa hoja yangu umo ndani yake. Mpira wa asili una maadui wawili wakubwa hewani: miale ya urujuanimno ya jua na gesi ya ozoni. Ozoni huzikata nyuzi za molekuli za mpira hasa mpira ukiwa umevutwa, ndiyo maana nyufa huonekana pale raba ilipokazwa, zikiwa zimekingama na upande inakovutwa. Raba ya mpini hukaa imevutwa usiku na mchana mwaka mzima. Jua nalo halina huruma kwenye nyanda zetu za juu. Miale ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, huku ukingo wa Kreta ya Ngorongoro ukipita mita 2,200. Raba za poliurethani huvumilia zaidi kuliko za mpira wa asili, lakini nazo zina mwisho wake. Kwa hiyo nyufa za nje husema jambo moja tu: muda umepita. Na muda huo huo ndio uliokausha oili iliyokuwa kwenye pini.

Ukiivua raba kuukuu usiitupe mara moja. Igeuze uangalie ndani, pale bomba la mpini lilipokuwa linakaa. Ikiwa ndani kumebaki kulivyokuwa na nje ndiko kulikopasuka, jua ndilo lililofanya kazi. Lakini mara nyingi utakuta mfereji umechimbika, unang'aa, na ukipitisha kidole unasikia chembechembe za mchanga zilizozama kwenye mpira. Huo ni mtikisiko, na hesabu yake si ngumu. Kwenye barabara ya vumbi iliyojaa matuta madogo madogo, kama ile ya kutoka Ngorongoro kwenda lango la Naabi, tuta na tuta huachana kwa nusu mita hadi mita moja. Chukua sentimita 70. Gari likienda kilomita 50 kwa saa linapita karibu mita 14 kila sekunde, maana yake tairi linakanyaga matuta 20 kwa sekunde, na zaidi ya 70,000 kwa saa moja. Springi na shokamzoba za gari humeza sehemu kubwa ya mapigo hayo, lakini si yote, na kinachobaki hufika kwenye bampa na keria. Jeki iliyofungwa hapo hutikiswa pamoja na kila kilichomo ndani yake. Juu ya hayo kuna vumbi. Udongo wa nyanda za kusini mwa Serengeti umetokana na majivu ya volkano, na chembe zake ndogo hupenya kila upenyo. Zikikutana na grisi, zinakuwa dawa ya kusagia chuma.

Sasa tuingie ndani ya jeki, mahali ambapo wengi hawajawahi kupaangalia. Nguzo haiinui kitu. Kazi yake ni kusimama. Kinachoinua ni vichwa viwili vinavyopanda juu yake: kikubwa, chenye ulimi unaoshika gari na tundu la mpini, na kidogo kinachokifuata. Kila kichwa kina pini moja fupi ya chuma, na nyuma ya pini kuna springi inayoisukuma iingie kwenye tundu la nguzo. Ukishusha mpini, pini ya kichwa kidogo ndiyo inayobeba uzito wote huku kichwa kikubwa kikipanda, hadi pini yake inapofika tundu linalofuata na kuingia kwa mlio wa "tak". Ukiinua mpini, kichwa kikubwa kinabeba, kidogo kinapanda, nacho kinalia "tak" kikifika. Ndivyo anavyopanda mkwezi wa minazi: mikono ikishika, miguu inapanda, miguu ikishika, mikono inapanda. Maana yake katika kila nusu ya mzunguko gari linaning'inia kwenye pini moja, na kinachohakikisha kwamba pini imeingia barabara ni springi ndogo inayotoshea kati ya vidole viwili. Springi ikilegea, au nafasi yake ikijaa tope lililokauka, pini haikatai wala haivunjiki. Inaingia nusu. Inashika ukingo wa tundu badala ya kuzama, na uzito wa gari unakaa kwenye kona ya chuma yenye upana wa milimita chache. Kona hiyo huviringika kidogo kila safari, hadi siku inayoteleza.

Hatari huzidi wakati wa kushusha kuliko wakati wa kupandisha, na hapa ndipo pini mbovu inapomdhuru mtu asiyeitarajia. Ukigeuza kile kiwenzo kidogo cha kubadili mwelekeo, uzito wa gari sasa unausukuma mpini juu badala ya wewe kuushusha chini. Mkono ukiteleza, bomba hilo la chuma linapaa kuelekea nguzo, na kama kichwa chako kiko njiani linakikuta hapo. Mtengenezaji anaonya kwamba mpini uwe umesimama wima, umeegemea nguzo, kabla ya kugusa kiwenzo hicho. Vinginevyo unaweza kuanza kupanda na kushuka wenyewe kwa kasi. Anaonya pia kwamba jeki inahitaji mzigo usiopungua pauni 150, kama kilo 68, ili ishuke tundu kwa tundu. Mzigo ukiwa mdogo kuliko huo, kichwa huporomoka hadi chini. Maonyo yote hayo yameandikwa kwa jeki ambayo pini zake zinaingia na kutoka kwa wakati. Pini ikigoma kutoka kwa sababu ya kutu au udongo, watu huchukua nyundo wakaigonga, gari likiwa juu. Sijui namna mbaya zaidi ya kutumia nyundo. Pini iliyogoma ikiachia ghafla huachia pamoja na uzito wote iliokuwa imeubeba, na mtu aliyeigonga yuko karibu nayo kuliko mwingine yeyote.

Najua pingamizi la kwanza: raba hukaa juani, pini ziko ndani kivulini, kwa hiyo kufa kwa raba hakusemi lolote kuhusu chuma. Nalikubali nusu. Jua haliui chuma, na jeki inayokaa stoo imefunikwa turubai inaweza kuwa na raba iliyopasuka kwa uzee na pini nzima kabisa. Lakini sikusema kwamba raba na pini hufa siku moja. Nilichosema ni kwamba raba ndicho kipimo pekee kinachoonekana bila spana. Hakuna saa kwenye jeki inayohesabu kilomita ilizotikiswa wala mvua ilizonyeshewa, na karatasi za huduma za gari aghalabu huishia kwenye oili, breki na matairi. Kukosekana kwa kumbukumbu nyingine kunakipa kipande hicho cha mpira thamani kuliko bei yake. Kikikatika, kimekupa tarehe. Itumie.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji gereji. Weka jeki chini, isiwe na mzigo, osha vichwa kwa maji na brashi ngumu hadi udongo wote utoke kwenye mashimo ya springi, kisha ikaushe. Udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaokwamisha magari wakati wa masika, ukikauka ndani ya kichwa cha jeki huwa mgumu kiasi kwamba maji peke yake hayautoi. Uchokoe kwa waya. Vuta kila pini kwa kidole au praizi, uiachie. Pini nzima hurudi kwa kishindo. Ikirudi polepole, au ikisimama katikati, springi imechoka au njia yake imeziba. Angalia ncha ya pini: ukingo wake uwe mkali, usiwe umeviringika wala kupata mdomo kama wa patasi iliyogongwa sana. Halafu angalia matundu ya nguzo, hasa yale ya usawa wa bampa yanayotumika kila mara. Tundu lililorefuka likawa kama yai haliponi kwa kubadilisha pini. Nguzo hiyo imemaliza kazi. Mwisho pampu mpini taratibu na usikilize. Mlio mmoja ukishusha, mlio mmoja ukiinua. Ukisikia mmoja tu, jeki hiyo isiguse gari.

Kubadilisha pini na springi ni kazi ndogo kwa mtu yeyote aliyezoea spana. Mtengenezaji huuza pini, springi na pini ndogo za kuzifungia kama seti, na ushauri wangu ni kubadilisha seti nzima hata kama ni springi moja tu iliyolegea. Vichwa viwili vinapokezana mzigo, na springi mpya ikikaa na mwenzake mzee utakuwa na mlio mmoja mkali na mwingine mlegevu, ukashindwa kujua jeki inakuambia nini. Piga picha kwa simu kabla ya kufungua, ili upande wa pini usikupotee wakati wa kurudisha. Ncha yake haijakatwa sawa pande zote, na ikirudishwa kinyume haipandi. Ukimaliza, paka oili nyepesi au kilainishi kikavu. Usijaze grisi. Grisi inaonekana ni ukarimu kwa chuma, lakini kwenye kifaa kinachoning'inia nje ya gari inaalika vumbi likae.

Raba nayo ina utaratibu wake, ingawa ni mfupi. Futa bomba na nguzo, ipitishe raba kwenye mpini kwanza, kisha ivute hadi ishike nguzo. Ikigoma, ilainishe kwa maji ya sabuni. Usitumie oili ya injini wala dizeli, maana mafuta ya petroli huufanya mpira wa asili uvimbe na kulegea, na hapo umeiua mpya kabla haijaanza kazi. Kwa sababu hiyo hiyo paka oili kwenye pini kabla ya kurudisha raba, na ufute yanayodondoka. Hakikisha hakuna kipande cha ile kuukuu kilichobaki kati ya mpini na nguzo. Kipande hicho kinaweza kuuzuia mpini usifike mwisho wa safari yake, na mpini usiofika mwisho ni mpini ambao hujui kama pini imeingia.

Pingamizi la pili linatoka kwa madereva wazoefu, na lina haki yake. Wanasema hawahitaji raba ya dukani: mkanda uliokatwa kwenye tyubu kuukuu ya tairi, ukazungushwa mara tatu na kufungwa fundo, unashika mpini vizuri kuliko ile ya kununua. Ni kweli. Tyubu ni mpira imara, unapatikana kwa kila fundi wa pancha, na ukikatika barabarani unakata mwingine. Kwa kazi ya kuzuia mpini usigonge sina sababu ya kuukataa. Shida inaanza pale ujanja huo unapovuka mpaka ukahamia kwenye vipande vinavyobeba. Raba ikishindwa, unapata kelele. Springi iliyokatwa kutoka kwenye kifaa kingine, au pini iliyochongwa kwa nondo, ikishindwa, gari linashuka. Mpaka uliopo ni kati ya kipande kinachotunza na kipande kinachobeba, na kwenye jeki hii mpaka huo uko wazi kabisa kwa anayetaka kuuona.

Kuhusu kuchonga, naheshimu ustadi wa mafundi wetu wa mashine za leth, na wengi wao wanaweza kukupa pini yenye kipimo kilekile hadi sehemu ya milimita. Lakini kipimo ni nusu ya pini. Nusu nyingine ni ugumu wa chuma, na huo hauonekani kwa macho. Chuma laini kitapanuka ncha baada ya kunyanyua mara kadhaa, kikwame ndani ya tundu. Chuma kigumu kupita kiasi kitakula kingo za nguzo, au kitavunjika bila kupinda kwanza. Bolti ya mpini ndiyo mfano ulio wazi zaidi. Bolti hiyo, inayoushika mpini kwenye kichwa kikubwa, imekusudiwa ikatike mzigo ukizidi sana, karibu pauni 7,000 ambazo ni kama kilo 3,175, ili mtu asiendelee kupampu hadi chuma kikubwa kipasuke. Ni mlinzi wa makusudi. Mtu aliyekatikiwa nayo hukasirika, akaenda dukani akaomba bolti ngumu kuliko zote, akaamini ameiboresha jeki yake. Kwenye bolti za kimetriki namba iliyo kichwani inakueleza: 8.8 inahimili mvuto wa megapaskali 800, na 10.9 inahimili 1,000. Hiyo ni tofauti ya robo nzima kati ya bolti mbili ambazo ukizilaza mezani ni pacha. Aliyeweka ngumu zaidi amehamisha mahali pa kuvunjika, kutoka kwenye kipande cha bei ndogo hadi kwenye nguzo au kichwa, na huko hakuna onyo. Kwa hiyo ikikatika, weka ya aina ileile aliyoiagiza mtengenezaji, kisha jiulize kwa nini ilikatika. Kwa kawaida jibu ni kwamba gari lilikuwa halinyanyuliwi, lilikuwa linang'olewa kutoka kwenye tope lililolinyonya. Hapo panahitaji koleo kwanza.

Wapo watakaosema suluhisho ni kuachana na jeki hii kabisa na kubeba jeki ya chupa ya haidroliki. Kwa kubadilisha tairi kwenye ardhi ngumu nakubaliana nao bila kusita: ya chupa ni tulivu, iko chini, na haina mpini wa kuruka usoni. Magari mengi ya kisasa yenye bampa za plastiki hata hayana mahali salama pa kuweka ulimi wa jeki ndefu. Ila jeki ya chupa haifiki juu ya bampa la Land Cruiser lililozama hadi ekseli, haivuti, wala haibani. Na kuhusu uchakavu haijakwepa chochote, kwa kuwa ndani yake kuna sili za mpira zinazozuia mafuta, nazo huzeeka kama raba ya mpini, tena gizani mahali usipoziona. Mwenye jeki ya chupa inayovuja naye ana taarifa mkononi. Iwe ya aina gani, kanuni moja haibadiliki: hakuna mtu anayeingia chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, hata kama kila pini yake ni mpya.

Pingamizi linalonisumbua zaidi ni lile fupi: "Haijawahi kuniangusha." Wanaosema hivyo hawadanganyi. Muundo wa jeki hii umeachiwa akiba kubwa, na pini iliyoingia nusu inaweza kushika mara nyingi kabla haijateleza mara moja. Kona moja ya gari la safari lenye abiria haifiki kilo 2,113, kwa hiyo siku za kawaida jeki haifiki mwisho wa uwezo wake. Lakini siku za kukwama si siku za kawaida. Ardhi imelowa, kitako cha jeki kinazama upande mmoja, nguzo inaegemea, mzigo unaingia kwa mshazari, na mikono ina tope. Hapo akiba yote ya muundo inatumika kwa wakati mmoja, na mlegevu wa kwanza ndiye anayeamua. Anayetegemea rekodi ya siku kavu kupima jeki yake anapima kitu kingine. Tena anayesimama kwenye tope hilo mara nyingi si mwenye gari. Ni dereva aliyeajiriwa, akiwa na wageni wanaomtazama na saa inayokimbia kuelekea muda wa kufungwa lango, na hana nafasi ya kuanza kuchokoa springi kwa waya.

Ndiyo maana ombi langu naliweka kwa wenye kampuni na wamiliki wa magari kabla ya kuliweka kwa madereva. Seti ya pini na springi haina bei ya kutisha ukiilinganisha na tairi moja la gari la porini. Kinachokosekana ni saa mbili za kazi na mstari mmoja kwenye karatasi ya huduma. Andikeni jeki hapo, pamoja na breki na matairi, na ikaguliwe mwezi Februari kabla masika hayajaanza, tena Oktoba kabla ya vuli. Raba ikikatika kati ya tarehe hizo, ukaguzi uje mapema. Mpeni dereva haki ya kukataa kutoka na jeki isiyolia mara mbili, bila kuulizwa kwa nini anachelewesha safari. Jeki ya namna hiyo isifungwe kwenye gari linalobeba watu.